Tusimponde Rafiki: Wadudu Wanaotufaa na Daftari la Majina Yao

Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni

 

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya wadudu wanaotufaa, na juu ya wageni wanaokuja kuwakusanya ili wapimwe vinasaba. Baadhi yenu mmetuuliza: "Hao wadudu wakichukuliwa wanaandikwa wapi? Na sisi tunapata nini?" Maswali hayo ni mazuri, tutayajibu. Lakini kabla hatujafika huko ni lazima tuungame kosa letu sisi wenyewe, maana ndilo lililotufundisha.

KOSA TULILOFANYA

Mwaka 2017, viwavijeshi wageni walipoingia Kenya, tulizunguka vijijini kufundisha watu namna ya kukagua mazao. Siku moja tulikuwa na kikundi cha akina mama upande wa Makueni. Tukapasua bua la mtama lililotobolewa. Ndani tukakuta kiwavi amenyauka, na kando yake vitu vyeupe vidogo kama punje za mchele, vimeshikana pamoja kama pamba. Tukawaambia: "Haya ni mayai ya adui. Mkiyaona, pondeni." Nao wakaponda, bua baada ya bua.

Mama mmoja mzee akauliza: "Wanangu, hao wazazi wa viwavi si ni vipepeo wa usiku? Sasa kipepeo ameingiaje ndani ya bua kutaga mayai?" Sisi tulikuwa na karatasi mkononi na haraka ya kufika kikundi kingine. Tukamjibu kwa mkato tu, tukaenda zetu.

Miezi michache baadaye tulihudhuria mafunzo. Mwalimu akatuonyesha chupa ya glasi iliyofungwa kwa kitambaa, na ndani yake vitu vyeupe vilevile. Baada ya siku chache, viwavi hawakutoka humo. Walitoka nyigu weusi wadogo sana. Yale hayakuwa mayai ya adui hata kidogo. Yalikuwa makoko ya nyigu ambao mama yao hutaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi. Watoto wa nyigu hula kiwavi kutoka ndani, hutoka nje, hujifungia katika koko jeupe, kisha huruka kwenda kutafuta viwavi wengine. Yule mama alikuwa amesema kweli: kipepeo wa kiwavi wa bua hutaga nje, juu ya majani.

Basi tulirudi kwa kile kikundi, tukasimama mbele yao, tukaomba msamaha. Tuliwafanya waue askari wao wenyewe. Na sababu ya kosa ilikuwa moja tu: hatukumjua mdudu yule ni nani.

DAFTARI HILO NI NINI?

Hebu tuanze na jambo rahisi. Nyigu hawa ni wadogo sana, na wengine wanafanana kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye darubini anaweza kukosea. Lakini kila kiumbe kina maandishi ndani ya mwili wake. Ndiyo vinasaba, ile DNA mnayoisikia katika kesi za kutafuta baba wa mtoto. Maandishi hayo yana herufi nne tu, nazo ni A, C, G na T, zikipangwa kwa mpangilio mrefu.

Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walitoa pendekezo. Walisema si lazima kusoma maandishi yote ya mnyama ili kumtambua. Tukisoma kipande kimoja kifupi, chenye herufi 650 hivi, mara nyingi kinatosha kutuambia ni aina gani. Mnaijua ile mistari myeusi kwenye pakiti ya unga, inayosomwa na mashine dukani? Kipande hiki kinafanya kazi kama mistari hiyo. Tena kwa nyuki au nondo, mguu mmoja tu unatosha kukipata.

Sasa vipande hivyo vinahifadhiwa katika hifadhidata, yaani daftari kubwa lililo ndani ya kompyuta. Daftari moja linaitwa BOLD, nalo liko huko Guelph. Jingine ni GenBank la Marekani, lililoanza mwaka 1982, ambalo hubadilishana kumbukumbu na madaftari ya Ulaya na Japani. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma bila malipo.

Ukurasa uliojazwa vizuri huwa na herufi za mdudu, jina lake, picha yake, mahali na tarehe aliyokamatwa, na mahali mwili wake umehifadhiwa. Akija mdudu mwingine asiyejulikana, herufi zake hulinganishwa na zilizomo. Zikifanana, jina limepatikana. Zisipofanana na za yeyote, basi huenda ni mgeni, au ni mwenyeji ambaye bado hajaandikwa.

Hapa kwetu kazi kubwa ya wadudu hufanywa na icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, chenye makao Kasarani, Nairobi. Watu wa Mwingi wanakifahamu kwa kazi ya asali na ya hariri ya mwituni, ile inayotokana na makoko yanayookotwa kwenye miti ya miiba.

MAJINA YAMEFAA NINI?

Mtatuambia: "Sawa, wameandika. Lakini herufi hazijazi ghala." Ni kweli. Basi tuwape mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa wale viwavi wanaotoboa mabua. Anayesumbua zaidi katika sehemu kavu na za joto kama zetu ni Chilo partellus. Si mwenyeji. Alitoka Asia, na alionekana Malawi karibu mwaka 1930 kabla ya kuenea. Kwa sababu alikuja bila adui zake, icipe ilileta nyigu kutoka Pakistani mwaka 1991, anaitwa Cotesia flavipes. Mwaka 1993 aliachiliwa pwani ya Kenya, naye akashika makao.

Lakini sisi tayari tulikuwa na nyigu wetu wa asili, Cotesia sesamiae. Hawa wawili wanafanana kama mapacha. Na hata huyu wa kwetu si mmoja. Wale wa pwani, mayai yao hufa wanapotaga ndani ya kiwavi mwingine wa mabua aitwaye Busseola fusca, ambaye hupenda sehemu za juu zenye baridi. Mwili wa kiwavi huyazingira mayai na kuyaua. Lakini nyigu wa upande wa Kitale hutaga ndani ya kiwavi huyohuyo, na watoto wao wakaishi. Kwa macho ni nyigu mmoja. Vinasaba vilionyesha kwamba kuna tofauti, hasa katika kirusi ambacho nyigu humwingiza kiwavi pamoja na yai ili kuvunja kinga yake. Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba mtu akichukua nyigu wa mahali pasipofaa na kuwaachilia kwako, amepoteza pesa na wakati. Askari ni lazima alingane na adui wa mahali pale.

Mfano wa pili ni wa viwavijeshi. Walionekana Afrika mwaka 2016, wakitokea Amerika. Watu wakaanza kufikiri juu ya kuleta kutoka ng'ambo nyigu mdogo sana aitwaye Telenomus remus, ambaye hutaga ndani ya mayai ya viwavijeshi kabla hayajaanguliwa. Ni mdogo hata hafiki milimita moja. Watafiti wakakusanya mayai mashambani, wakatazama nyigu waliotoka, wakalinganisha na vinasaba. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: nyigu huyo tayari alikuwa Afrika, katika nchi tano, na Kenya ni mojawapo! Tulikuwa tunataka kumwagiza mtu ambaye alikuwa ameketi jikoni.

Na kuna mwingine, aliyepewa jina rasmi mwaka 2017, anaitwa Cotesia icipe, kwa heshima ya kituo kile. Huyu hushambulia viwavi wanaokula terere, na ameonekana akiwashambulia viwavijeshi pia. Hakuzaliwa mwaka 2017. Alikuwa shambani siku zote akifanya kazi bila jina, na pampu zetu zikimnyunyizia sumu.

Mfano wa tatu unawahusu wenye miembe wa Makueni. Mwaka 2003 nzi mgeni wa matunda alionekana Kenya. Mwaka 2005 alipewa jina kana kwamba ni aina mpya, Bactrocera invadens. Baadaye wataalamu walilinganisha maumbile, vinasaba na kuzaana kwake, na mwaka 2015 akatambuliwa kuwa ni yuleyule nzi wa matunda wa Asia, Bactrocera dorsalis. Jina hilo moja lilifungua mlango, maana mambo yaliyojulikana Asia na Hawaii juu ya nzi yule sasa yanatuhusu na sisi. Nyigu Fopius arisanus, anayetaga ndani ya mayai ya nzi huyo, aliletwa Kenya kutoka Hawaii mwaka 2006. Ukinyunyizia mwembe dawa kali ovyo, unamuua na yeye.

DAFTARI HALITOSHI

Tusije tukadanganyana. Daftari halifukuzi kiwavi. Tena daftari lenyewe lina mapengo. Wadudu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wameandikwa wengi, wa kwetu ni wachache. Mtafiti akileta nyigu wa Mutomo au wa Kibwezi, anaweza kulinganisha asipate wa kufanana naye.

Pia daftari hukosea. Mtu akiandika jina lisilo sahihi mwanzoni, mwenzake atalinakili, na wa tatu vilevile, kama uvumi wa sokoni. Ndiyo maana ni lazima mwili wa mdudu uhifadhiwe ili mtu arudi kumtazama. Na ndiyo maana mahali na tarehe ni muhimu. Mguu wa nyuki usiojulikana ulitoka mlima gani au bonde gani ni mguu tu.

Nyuki wenyewe wametufundisha hilo. Hapa Kenya wako nyuki weusi wapole wa milima mirefu, na wako hawa wetu wakali wa nyanda za joto. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulilinganisha vinasaba vyao ukakuta wanafanana karibu kila mahali, isipokuwa hasa sehemu mbili kubwa. Sehemu hizo zinahusiana na kuishi milimani. Kama zile chupa za nyuki zisingeandikwa mahali walikotoka, siri hiyo isingeonekana kamwe.

MDUDU NI WA NANI?

Sasa tunafika kwenye jambo gumu. Miaka iliyopita wageni fulani walifika kwa kikundi cha wafuga nyuki upande wa Kitui. Sisi ndio tuliowapeleka, na kwa sababu yetu wazee waliwakaribisha. Wakaonyeshwa mizinga ya magogo, wakaonyeshwa miti ambayo nyuki hupenda maua yake, wakapewa nyuki na asali. Hakuna barua iliyoandikwa. Hakuna nakala iliyobaki. Hawakurudi tena, na hatujui hadi leo nyuki wale waliandikwa wapi.

Miaka ilipita, akaja kijana mwanafunzi, mwenye vibali vyake vyote, akitaka kuwachunguza nyuki wa mahali pale waliokuwa wanakufa. Wazee wakamwambia: "Rudi ulikotoka." Hatuwezi kuwalaumu. Lakini mizinga iliendelea kubaki mitupu, na sababu haikujulikana. Kwa hivyo tulipata hasara mara mbili: mara ya kwanza kwa kutoa bila kuuliza, mara ya pili kwa kukataa bila kuuliza.

Sheria ipo. Chini ya kanuni za mwaka 2006 za sheria ya mazingira, anayetaka vinasaba vya viumbe vya Kenya anatakiwa awe na kibali cha NEMA, na aonyeshe kwamba wahusika waliridhia wakiwa wameelezwa mapema. Vilevile anatakiwa awe na leseni ya utafiti, ambayo sasa hutolewa na NACOSTI. Na kuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014. Inasema faida itokanayo na vinasaba igawanywe kwa haki na yule alikotoa.

Lakini itifaki ile ilimfikiria zaidi mtu anayebeba mdudu ndani ya chupa. Siku hizi si lazima abebe. Herufi zikishaingia katika daftari, kampuni iliyo mbali inaweza kuzisoma bila kukanyaga Kenya. Mataifa yamebishana sana juu ya hilo. Mwaka 2022, huko Montreal, yalikubaliana kuwe na utaratibu wa kugawana faida, na Februari 2025 Mfuko wa Cali ulizinduliwa. Kampuni kubwa zinazopata faida kwa kutumia herufi hizo zinatakiwa zichangie humo, na angalau nusu ya pesa inakusudiwa iwafikie watu wa asili na jamii za mahali. Ila mchango huo ni wa hiari. Kwa hivyo asije mtu kijijini akawaahidi mamilioni. Faida iliyo karibu zaidi na nyinyi ni ile ya maarifa: kuambiwa mdudu wenu ni nani, anafanya nini, na mfanye nini ili aendelee kuishi.

MAMBO SITA YA KUULIZA

Akija mtu kuomba wadudu, mkaribisheni, mpeni kiti na maji. Kisha katibu afungue kitabu cha kikundi na kuuliza:

1. Wewe ni nani, umetumwa na nani, na vibali vyako viko wapi? Andikeni namba zake. Mjulisheni asistanti chifu.

2. Unachukua wadudu gani, wangapi, na kwa kazi gani? Kazi ikibadilika, utarudi kutuuliza?

3. Mahali petu pataandikwaje? Kijiji na tarehe viandikwe. Lakini kama ni mizinga yenye mali, au msitu wa makoko ya hariri, mnaweza kuomba pasionyeshwe hasa ni wapi, wezi wasije wakaongozwa.

4. Miili ya wadudu itahifadhiwa wapi? Je, nyingine itabaki Kenya?

5. Herufi zitawekwa katika daftari gani, na jina la kikundi au la eneo letu litatajwa?

6. Utarudi lini kutueleza ulichoona, kwa lugha tunayoielewa? Hili msiliache hata kama mengine yote yamejibiwa.

Yote yaandikwe nakala mbili, zitiwe sahihi. Moja ibaki kwa kikundi. Mgeni mwema hatakasirika. Anayekasirika kwa kuulizwa maswali haya, mwacheni aende na chupa zake tupu.

KAZI YA NYUMBANI

Hamhitaji kompyuta ili kuanza. Kila kikundi kitafute chupa tatu za glasi na kitambaa chepesi. Wakati wa mwethya wa palizi, mkikuta makoko meupe ndani ya bua au kando ya kiwavi mgonjwa, msiyaponde. Wekeni ndani ya chupa, fungeni kwa kitambaa, mtundike kivulini. Andikeni tarehe, shamba la nani, na zao gani. Tazameni nini kitatoka. Wakitoka nyigu wadogo, wafungulieni shambani. Mkitaka afisa wa kilimo awaone, wachache wawekwe katika spiriti kali, na karatasi iliyoandikwa kwa penseli iwekwe humo humo ndani, maana wino hufutika.

Na kabla hamjajaza pampu, kagueni kwanza. Kama viwavi wengi wamekwisha kuwa na makoko kando yao, ngojeni kidogo. Pengine kazi inafanywa bure.

Kisha mzungumze katika kikundi:

– Ni wadudu gani tunaowaua bila kuwajua ni nani?

– Wazee wetu waliwaitaje kwa Kikamba, na walijua nini juu yao? Andikeni majina hayo. Hilo nalo ni daftari.

– Je, tumewahi kutoa kitu kwa wageni bila kuandika? Tufanye nini sasa?

Ndugu zetu, tunamaliza. Yule mama mzee bado tunamkumbuka. Alituuliza swali moja la akili, nasi tukamjibu kwa haraka kwa sababu hakuwa na karatasi mkononi. Siku tuliporudi kumwomba msamaha, alicheka tu, akatuingiza nyumbani, akatuonyesha dirishani chupa ya asali iliyofungwa kwa kipande cha leso. Ndani yake mlikuwa na nyigu.

"Niliyaweka siku ile ile," akasema. "Nilitaka nione kama nyinyi ni waongo."

Sasa tuko tayari kwa maswali, na safari hii hatutayajibu kwa haraka.